Mwalimu aliyetekwa na wanafunzi wake anaweza kumpenda mtekaji? Riwaya yangu imekwama sura ya 9

#1 KalamuButu
Wakuu salaam. Naandika riwaya, mapenzi na taharuki humo humo. Watu watatu wenye bunduki wanaingia shule ya sekondari ya bweni siku ya mwisho ya mitihani ya moko, wanawafungia kidato cha nne ndani ya bwalo pamoja na mwalimu wa zamu, Mwalimu Tausi. Nje kuna afande anayezungumza nao kwa simu. Kiongozi wa watekaji, Sele, ndiye yule aliyemwacha Tausi kwenye mataa miaka saba iliyopita walipokuwa chuo cha ualimu.

Naituma kila wiki kwenye kundi la WhatsApp, wasomaji sitini na kitu. Sura ya 8 Sele alivua koti usiku akamfunika Tausi. Basi kundi limepasuka vipande viwili. Nusu wanataka warudiane. Nusu wananiambia nafundisha mabinti kupenda majambazi, na mmoja ameomba arudishiwe buku lake.

Swali: inawezekana kweli mtu akampenda aliyemshikia bunduki? Au nimpe yule afande wa nje? Nataka hoja, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Mzee wa Kigogo
Nimesoma kichwa cha uzi nikadhani wanafunzi ndio waliomteka mwalimu. Nikasema hao watakuwa kidato cha pili B cha shule yetu.

#3 DadaMkavu
Natandika mkeka. Tupia kwanza sura ya 1 mpaka 8 hapa tukuelewe.

#4 KalamuButu
Dada, sura ni buku. Hapa tunajenga hoja tu. (Mzee #2, kichwa nimekiona, nimechelewa kukirekebisha.)

#5 DadaMkavu
Njaa mbaya.

#6 Mjuvi_wa_Mambo
Inawezekana na ina jina lake: ugonjwa wa Stockholm. Mwaka 1974 majambazi waliteka benki Sweden wiki mbili, dada mmoja kati ya mateka akampenda jambazi, wakaoana kabisa. Sayansi imeshamaliza. Uzi ufungwe.

#7 Barafu
Usifungwe. Mjuvi hapo #6 umepatia nchi tu. Naishi huku Sweden mwaka wa kumi na moja na hadithi hiyo kila mgeni huja nayo ikiwa imeongezwa chumvi.

Ilikuwa 23 hadi 28 Agosti 1973, siku sita. Benki ilikuwa Kreditbanken, pale Norrmalmstorg katikati ya mji wa Stockholm. Jan-Erik Olsson aliingia peke yake na bunduki, akadai aletewe mfungwa mmoja, Clark Olofsson, na serikali ikamleta kweli. Mateka walikuwa wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja, wakaishia kufungiwa kwenye chumba cha hazina. Hakuna mateka aliyeolewa na mtekaji. Kilichoshangaza watu ni kwamba Kristin Enmark, karani wa miaka 23, alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu Olof Palme mwenyewe, akamwambia anawaamini wale wawili kuliko polisi, na akaomba waachiwe waondoke nao. Mwishowe polisi walitoboa dari wakapuliza gesi, majambazi wakasalimu amri, wote wakatoka hai.

Na jina la huo ugonjwa lilitoka kwa Nils Bejerot, daktari wa akili aliyekuwa akiwashauri polisi hao hao. Dada analalamika kuhusu polisi, mshauri wa polisi anasema dada anaumwa. Enmark amesema miaka na miaka kwamba daktari huyo hakuzungumza naye hata neno kabla ya kumpa huo ugonjwa.

#8 Mjuvi_wa_Mambo
Sawa, tarehe nimekosea. Ugonjwa upo.

#9 NesiWaUsiku
Mjuvi, mimi ni nesi wa afya ya akili. Kwenye DSM, kile kitabu cha Wamarekani cha kuainisha maradhi ya akili, huo haumo. Hatuuandiki kwenye faili la mtu.

Ninachokiona kazini ni hiki: mama analetwa kavunjika taya, aliyembeba ni mume aliyemvunja, kadi ya kliniki kaishika yeye, maelezo anatoa yeye, na mama anamtazama yeye kwanza kabla hajanijibu hata jina lake. Ukimwambia "unampenda?" atasema ndiyo. Siwezi kumbishia. Lakini nikimwita mume akajaze fomu dirishani, yale maelezo hubadilika. KalamuButu, jaribu kumtoa Sele nje ya bwalo kwa dakika tano uone Tausi atasema nini.

#10 Afande Mstaafu
Salaam. Nimestaafu, kikosi sitataja.

Nakubaliana na Barafu. Yule dada hakuwa mgonjwa, alikuwa anapiga hesabu. Ndani kuna bunduki moja au mbili na umeshajua mwenyewe anataka nini. Nje kuna bunduki mia na hakuna anayekujua kwa sura. Beslan, Urusi, Septemba 2004: mateka zaidi ya 1,100 ndani ya shule, siku ya kwanza ya masomo, wengine wamekuja na maua. Walikufa watu 334, zaidi ya nusu watoto. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema vikosi vya uokoaji vilitumia hadi mizinga ya vifaru na silaha za kurusha miali ya moto, mateka wakiwa bado ndani. Sasa mwambie mateka awapende waokoaji.

La pili, huyo afande wako wa kwenye simu. Kanuni ya kazi ile ni kwamba anayezungumza haamui, na anayeamua hazungumzi. Polisi wa New York ndio walioifanya fani mwaka 1973, baada ya wanamichezo wa Israeli kutekwa kwenye Olimpiki ya Munich 1972, na mmoja wa walioianzisha, Harvey Schlossberg, alikuwa mpelelezi mwenye shahada ya saikolojia. Kwa hiyo afande wako asiseme "nakuahidi". Anasema "ngoja nimuulize mkubwa", halafu anavuta muda. Kila kitu kinauzwa: unataka wali, nipe wawili wanaoumwa. Unataka soda, washa taa niwaone watoto. Na anazungumza na Sele, si na Tausi. Ukitaka Tausi apende sauti ya afande, lazima Sele aende chooni na simu aiache mezani.

#11 DadaMkavu
"Kikosi sitataja" na picha ya wasifu umevaa gwanda.

#12 Mwana wa Githurai
Sasa watu wa TZ. Mimi ni Mkenya na niseme tu, mnacheza karibu na moto. Chuo kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, al-Shabaab waliua watu 148, karibu wote wanafunzi. Wale hawakuja kupiga simu na kuomba wali. Walikuja kuua. Ukiniandikia bunduki ndani ya shule hapa kwetu, picha itakayonijia ni ile, na hiyo koti ya Sele haitaniingia hata ukiishona upya.

#13 KalamuButu
Nimekusikia kaka. Watekaji wangu hawana dini wala siasa ndani yake. Mdogo wake Sele yuko rumande, wanataka atolewe. Ni kama huyo Olsson wa Barafu.

#14 Mwana wa Githurai
Basi iseme hiyo ukurasa wa kwanza. Usiningojeshe mpaka sura ya sita nikiwa nimeshakukasirikia.

#15 Lapwony
Wenzangu, nawaandikia kutoka kaskazini mwa Uganda, mnisamehe Kiswahili changu.

Usiku wa kuamkia 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakachukua wasichana 139. Naibu mkuu wa shule, Sista Rachele Fassera, Mwitaliano, aliwafuata porini kwa miguu na mwalimu mmoja wa kiume. Walifuata karatasi za pipi na chupa za soda ambazo waasi waliiba shuleni wakawa wanazitupa njiani. Alipowakuta alipiga magoti. Kamanda akachukua kijiti akaandika mchangani: 139. Akampa 109, yeye akabaki na 30.

Hao 30 waligawiwa kwa makamanda, wakaitwa wake. Wengine walirudi baada ya miaka wakiwa na watoto mgongoni. Wengine hawakurudi. Kama unataka mapenzi katika habari ya shule iliyotekwa, mimi nayaona kwa yule sista na karatasi zake za pipi. Haya ya kamanda na "mke" wake msiniite kusoma.

#16 DadaMkavu
Hapa nimeacha utani kidogo.

#17 Mzee wa Kigogo
Sista na karatasi za pipi. Dah.

#18 FundiHisia
Kuna maelezo ya tatu hamjayagusa. Mwaka 1974 Dutton na Aron walifanya jaribio kule Vancouver, Canada. Dada mmoja alihoji wanaume kwenye daraja la kuning'inia la Capilano, lile linaloyumba, chini korongo tupu. Wengine akawahoji kwenye daraja imara la kawaida. Wote akawapa namba ya simu. Waliompigia wengi ni wale wa daraja linaloyumba. Moyo unakwenda mbio, mwili unatafuta sababu, unamwona dada, unasema "kumbe ni huyu". Ndani ya bwalo ni hivyo hivyo. Tausi hapendi, anatetemeka, ila mwili wake haujui tofauti.

#19 Mzee wa Kigogo
Kumbe ndiyo maana mke wangu nilimpata kwenye daladala la Mbagala. Dereva anakimbizana na mwenzake, mlango haufungi, mimi nimening'inia, yeye kashika shati langu. Miaka kumi na tisa sasa.

#20 BintiPemba
Kwetu wangekwambia huyo mwalimu ana jini mahaba, akaandikiwe kombe anywe, mambo yaishe.

#21 NesiWaUsiku
Fundi #18, daraja linaeleza dakika kumi za mtu na mapigo ya moyo. Halielezi siku sita za Stockholm, wala miaka ya wale wa Aboke. Moyo haukimbii siku sita. Mtu huchoka, hulala, huanza kuuliza "chakula kinakuja saa ngapi?"

#22 Mama Matroni
Wanangu, huwa nasoma tu sichangii. Leo nichangie.

Mwaka 1998 nilikuwa matroni kwenye shule moja ya bweni, siitaji. Enzi hizo ada inaletwa taslimu, na siku ya kufungua shule hela hulala kwa mhasibu. Usiku wakaja wanaume wanne. Mlinzi wetu alikuwa mzee na tochi na rungu, walimfunga kwenye mwembe palipokuwa na kengele. Mimi na wasichana kumi na mmoja tuliokuwa karibu na mlango walitusukuma stoo ya magodoro wakafunga kwa nje.

Mle ndani msichana mmoja ana pumu. Magodoro yana vumbi. Akaanza kukoroma kifua. Nikagonga mlango, nikagonga, wenzake wananivuta gauni niache. Akaja mmoja kajifunga kitambaa usoni, akafungua. Nikamwambia mtoto anakufa. Akatoka akarudi na kikombe cha maji, akaacha mlango wazi upana wa mkono hewa ipite, akakaa hapo hapo mlangoni kwenye ndoo ameigeuza. Akaniambia, "Pole mama, tunamaliza sasa hivi." Alikaa mpaka mtoto akatulia.

Asubuhi polisi wakaniuliza, huyo aliyekuja mlangoni alikuwaje? Nikasema mrefu. Alikuwa mfupi. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema mrefu.

#23 BintiPemba
Shikamoo mama.

#24 Mama Matroni
Marahaba mwanangu.

#25 Mjuvi_wa_Mambo
Ndio ugonjwa wenyewe huo sasa! Ushahidi huu hapa.

#26 NesiWaUsiku
Mjuvi, mwache mama.

#27 Afande Mstaafu
Mama shikamoo. Usijihukumu. Mashahidi wa usiku hukosea urefu kila siku. Wewe umekaa chini kwenye magodoro, mtu kasimama mlangoni na taa nyuma yake, lazima aonekane mrefu. Nimeandika maelezo ya namna hiyo mengi tu.

#28 Mama Matroni
Marahaba, na asante Afande. Ila mimi nilikuwa nimesimama. Alinifika hapa begani.

#29 Mzee wa Kigogo
Uzi huu nilikuja kucheka.

#30 Mhariri Mnoko
Niingie kwenye kazi yenyewe maana naona KalamuButu ataondoka na maombolezo bila sura.

Mimi ni msomaji wa hilo kundi. Nimelipa buku nane. Ndiyo, ni mimi niliyeomba buku langu, na sababu si maadili. Sura nane, wanafunzi tisini ndani ya bwalo, siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyekwenda haja. Ndoo iko wapi? Nani anaimwaga? Nani anasimama kumkinga msichana kwa kanga? Hapo ndipo ungemjua Sele ni mtu wa namna gani, kwenye ndoo. Koti ni la kwenye filamu.

Pili, watoto wamekuzibia njia, huwezi kuandika mapenzi mbele ya watoto tisini wanaolia. Watoe. Na kuna njia ya kweli. Uholanzi, 23 Mei 1977, vijana wenye asili ya Maluku Kusini, visiwa vya Indonesia, waliteka treni, na siku hiyo hiyo wenzao wakateka shule ya msingi kijiji cha Bovensmilde, watoto 105 na walimu wao. Baada ya siku chache watoto wakaanza kuumwa matumbo, kutapika, homa, na tarehe 27 watekaji wakawaachia wote. Walimu wakabakizwa mpaka 11 Juni. Umeona? Ugonjwa wa tumbo unakutolea watoto, unabaki na watu wazima kwenye madarasa matupu, madaftari mezani. Hiyo ndiyo riwaya.

Tatu, huyo Tausi anamtazama sana Sele. Mei 1993, Neuilly, Ufaransa, mtu mwenye mabomu mwilini aliteka darasa la chekechea, watoto 21, saa 46. Meya wa mji, Nicolas Sarkozy, aliingia akatoka na mtoto mikononi. Sawa, huyo alikuja kuwa rais. Mwalimu mle ndani alichofanya ni kuendelea kuwa mwalimu: michezo, hadithi, mpaka watoto wakaona siku inakwenda. Polisi waliingia mtekaji akiwa amesinzia, wakampiga risasi akafa, na watu wakabishana baadaye kama ilikuwa lazima. Mwalimu wa zamu huhesabu vichwa. Mpe Tausi kuhesabu vichwa.

#31 KalamuButu
Mhariri, la ndoo limeniingia mpaka kwenye mfupa. Kumbe ni wewe! Buku lako nakurudishia.

#32 Mhariri Mnoko
Acha. Nataka sura.

#33 BintiPemba
Ngoja nitutetee sisi tusiotetewa. Wote humu mnaongea kana kwamba msomaji wa mapenzi hana akili. Mimi nasoma usiku, watoto wamelala, nimetoka kusukuma chapati za biashara ya asubuhi, mikono bado ina unga. Nikisoma jambazi anamfunika mtu koti, simaanishi kesho nimfuate jambazi. Nataka saa moja ya moyo kwenda mbio bila mtu kuniuliza sukari iko wapi. Afande wenu wa "ngoja nimuulize mkubwa" ninaye ndani, nimeolewa naye.

#34 DadaMkavu
😂😂 Binti umemaliza. Na wewe Afande Mstaafu, umeoa?

#35 Afande Mstaafu
Ngoja nimuulize mkubwa.

#36 Lapwony
Binti, nimecheka, na hoja yako ni nzuri. Sisemi usisome. Nasema mwandishi amfungulie Tausi mlango kwanza. Watoto wametoka kama alivyosema Mhariri, polisi wako getini, Sele amelala usingizi wa uchovu. Tausi afike getini. Akirudi mwenyewe, nitasoma.

#37 BintiPemba
Akirudi mtasema ugonjwa.

#38 Mjuvi_wa_Mambo
Nilisema mimi.

#39 Barafu
Asiporudi utasema alipona.

#40 Mwana wa Githurai
Na huyo dogo aliyeko rumande? Watu wanapendana hapa na kuna kijana amelala kwenye simiti anangoja. Msisahau aliyeanzisha maneno.

#41 NesiWaUsiku
Mwana wa Githurai, hilo hata mimi nilishalisahau. Sele amefanya yote haya kwa ajili ya mtu wa tatu. Labda Tausi anachokipenda ni hicho, kuona mtu anavunja dunia kwa ajili ya mdogo wake, wakati yeye Tausi aliachwa bila hata barua. Hiyo si hofu wala si shukrani. Inafanana na wivu.

#42 FundiHisia
Wivu kwa shemeji wa kiume. Uzi umefika mbali.

#43 KalamuButu
Wakuu nimeandika usiku kucha, watoto wameshaumwa matumbo na wametoka. Sina uhakika na getini, nimeandika mara mbili, mara anarudi mara harudi, na zote mbili naziamini. Lakini Mama Matroni, naomba ruhusa yako kabla sijatuma. Nimechukua kidogo kwako. Nabandika hapa bure, DadaMkavu usiseme sijakupa:

*"Sele aligeuza ndoo tupu akaikalia mlangoni. Kifua cha Asha kilikuwa kinapiga filimbi. Akasogeza kikombe kwa mguu, taratibu maji yasimwagike, bunduki ikiwa imelala mapajani kama mtoto. 'Mpe,' alisema, bila kumtazama Tausi. Tausi akahesabu: mmoja anayeumwa, mmoja anayekunywa, mmoja mwenye bunduki. Wote watatu walikuwa wanapumua kwa zamu. Nje, kengele ya shule ikalia kriiing."*

#44 DadaMkavu
Nimelipa hoja zangu kumi humu, nataka na mwisho wake.

#45 Mhariri Mnoko
"Kama mtoto" ondoa. Mengine yaache.

#46 Mama Matroni
Nimekuruhusu mwanangu. Ila kengele ya shule zetu ni rimu ya gari, hailii kriiing. Inapigwa kwa nati kubwa na ukiwa karibu inauma kwenye meno. Na hakusogeza kikombe kwa mguu. Kilikuwa cha bati, mpini umekatika, kina ncha kali. Alikigeuza ule upande uliokatika akauelekeza kwake, ndipo akanipa.